Gurudumu Dogo na Meno ya Nyuma



Mama mmoja wa Bukavu ametuandikia barua ya kurasa nne. Mtoto wake wa pili yuko Ubelgiji, mwaka wa nne sasa. Anaosha vyombo na kumenya viazi katika jiko la nyumba moja ya chakula huko Ixelles, ndani ya mji wa Bruxelles, karibu na Porte de Namur, katika mtaa ambao watu wetu wameuita Matonge kwa kukumbuka ile Matonge ya Kinshasa. Kijana hakai mjini, kwani kodi ya nyumba ni nafuu nje ya mji. Kila siku anapanda treni, anashuka katika stesheni ya Bruxelles-Midi, na kutoka hapo anakwenda kazini kwa baisikeli. Ni baisikeli ya kukunja, yenye magurudumu madogo ya inchi 16, aliyoinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Aliichagua kwa akili, maana katika treni za Ubelgiji baisikeli iliyokwisha kukunjwa huhesabiwa kuwa mzigo wa mkononi, wala hailipiwi kitu.

Lakini wanaoujua mji ule wanajua ya kuwa una mji wa chini na mji wa juu. Stesheni ya Midi iko chini; Matonge iko juu. Kijana anapanda kilima kila siku, na sasa goti lake la kuume limeanza kumuuma. Muuza baisikeli mmoja amemwambia kwamba hakuna dawa ila kununua nyingine mpya yenye gia 6. Bei yake inapita karo ya dada zake wawili kwa mwaka mzima. Basi kijana amemwandikia mama yake: «Mwaka huu nivumilieni ninyi, au nivumilie mimi goti?» Naye mama anatuuliza sisi, kwa kuwa tulikwisha kuandika katika ukurasa huu habari za cherehani na za taa za mafuta: Je, ni kweli hakuna njia nyingine?

Tunamjibu mama mbele ya wasomaji wote, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya darasa la sita na wanafunzi wataifuata bila taabu. Neno moja tu kwanza: goti likivimba, au likiuma hata usiku mtu alipolala, kijana aende kwa mganga wa hospitali. Gia haiponyi ugonjwa. Gia inaweza tu kuacha kuuongeza.

Watu wengi wakiona baisikeli yenye gurudumu dogo hucheka. Husema: «Huyu atazungusha miguu kama cherehani, wala hatafika.» Hawakosi kabisa, lakini wamesahau mnyororo. Zamani, katika zile baisikeli za gurudumu kubwa la mbele, kanyagio zilifungwa katika gurudumu lenyewe. Mtu alipozungusha mguu mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja. Aliyetaka mwendo alitafuta gurudumu kubwa zaidi, mpaka urefu wa miguu yake ulipomzuia. Mnyororo ndio uliomwokoa. John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baisikeli yake ya Rover mwaka wa 1885, magurudumu yalikuwa karibu sawa, na nguvu ya miguu ilipelekwa nyuma kwa mnyororo. Tangu siku hizo mwendo hautegemei tena ukubwa wa gurudumu peke yake, bali gurudumu pamoja na hesabu ya meno.

Tuweke maneno yetu sawa. Lile duara kubwa lenye meno, lililo penye kanyagio, tuliite sahani ya mbele. Lile dogo, lililo penye gurudumu la nyuma, tuliite kisahani cha nyuma. Na umbali ambao baisikeli inakwenda mguu ukizunguka mara moja, tuuite hatua. Kuipata hatua si vigumu: chukua mzingo wa gurudumu, uzidishe kwa meno ya mbele, ugawanye kwa meno ya nyuma.

Tuanze na ile baisikeli kubwa nyeusi tunayoijua sote, ya inchi 28, inayobeba makaa, ndizi na pengine hata mgonjwa. Mzingo wa gurudumu lake ni karibu metre 2,24. Tuseme ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Gawanya 44 kwa 18, utapata 2,44. Zidisha kwa 2,24: hatua yake ni karibu metre 5,48. Ukizungusha miguu mara 60 kwa dakika, utakwenda karibu kilometre 20 kwa saa, katika njia iliyo sawa na pasipo upepo. Mtu mzima huona raha katika hatua kama hiyo.

Sasa chukua gurudumu dogo la inchi 16. Mzingo wake ni karibu metre 1,32. (Aliye nalo asituamini, apige alama ya chaki juu ya tairi, akae juu ya baisikeli, asukume taratibu mpaka alama irudi chini, kisha apime.) Ukifunga meno yale yale, 44 na 18, hatua itakuwa metre 3,23 tu. Hapo wanaocheka wana haki. Lakini funga meno 50 mbele na 12 nyuma: hatua inakuwa metre 5,50, yaani inalingana na ile ya baisikeli kubwa, hata ikaipita kidogo. Ndiyo sababu baisikeli ndogo huonekana imevaa sahani kubwa mno mbele na kisahani kidogo mno nyuma. Si urembo. Tena, gurudumu dogo halimzuii mtu mwepesi: mwaka wa 1962 Bwana Alex Moulton wa Uingereza alianza kuuza baisikeli ya magurudumu ya inchi 16, na mwaka ule ule mkimbiaji John Woodburn akavunja rekodi ya njia ya Cardiff mpaka London juu ya baisikeli ya Moulton.

Taabu huanza mtu anapotaka kupunguza au kuongeza. Katika kisahani kidogo kila jino lina thamani kubwa. Ukitoka meno 12 kwenda 13, hatua hupungua karibu sehemu 8 katika 100. Ukitoa jino moja katika sahani ya mbele ya meno 50, hatua hupungua sehemu 2 tu. Basi nyuma ni mahali pa mageuzi makubwa, mbele ni mahali pa kusawazisha. Kuna jambo jingine. Kisahani cha meno 12 kilichofungwa pamoja na sahani ya 50 huzunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko wa mguu, tena mnyororo hukunjwa kwa ukali ukikipita. Kila jino lake hufanya kazi mara nyingi kuliko jino la kisahani cha 18, na kwa hiyo huliwa upesi. Mwenye baisikeli ndogo asione ajabu kununua kisahani mara nyingi kuliko jirani yake.

Sasa tuje kwenye gia za nyuma zenyewe, kwani ndizo zilizoulizwa.

Baisikeli ya kukunja inayojulikana zaidi kwa magurudumu ya inchi 16 ni Brompton. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba jina hilo limetoka kwa kanisa la Wakatoliki: Bwana Andrew Ritchie, aliyeibuni katika miaka ya 1970, alikuwa akikaa London katika chumba kilichoelekea Brompton Oratory. Baisikeli hiyo imeuzwa kwa namna mbalimbali za gia, nayo inatufaa kuwa mfano.

Namna iliyo nyepesi ni ya visahani viwili nyuma, cha meno 12 na cha meno 16, pamoja na sahani ya mbele ya meno 54. Kidole kidogo cha plastiki husukuma mnyororo kutoka kimoja kwenda kingine. Hatua zake ni metre 5,94 na metre 4,46. Ni gia ya nchi tambarare na ya mtu anayebeba baisikeli yake ngazini mara nyingi kuliko anavyoipanda. Ya kijana wetu ni ya meno hayo hayo. Kosa si la walioitengeneza. Hawakumwambia mtu aipandishe Matonge kila asubuhi.

Tazameni. Tuseme kijana, pamoja na mfuko wake mgongoni, anapanda kilima kwa kilometre 8 kwa saa. Hizo ni metre 133 kwa dakika. Gawanya kwa hatua yake fupi, 4,46: anazungusha miguu mara 30 tu kwa dakika. Mara 30! Huko si kuendesha, ni kupanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja na kutupa uzito wote juu ya goti lililokunjwa. Wapanda baisikeli wengi huona raha wakizungusha mara 60 hadi 90 kwa dakika penye tambarare, na kilimani mara 50 au zaidi. Ili azungushe mara 50 katika mwendo ule ule, anahitaji hatua ya metre 2,66. Nguvu ya kukanyaga nayo ingepungua mpaka karibu sehemu tatu kwa tano ya ile anayoitoa sasa. Kilima hakipungui, wala kazi yote haipungui. Ila inagawanywa katika vipande vidogo, kama mama anavyobeba maji kwa mitungi miwili midogo mahali pa mmoja mkubwa.

Namna ya pili ni gia zilizofichwa ndani ya habu. Kiwanda cha Sturmey-Archer kilianza kazi hiyo huko Nottingham mwanzoni mwa miaka ya 1900, na habu yake iliyoitwa AW, ya mwaka wa 1936, imeenea duniani. Ndani yake mna gurudumu dogo la meno katikati lisilozunguka, na magurudumu mengine madogo yanayolizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua, na duara lenye meno kwa ndani linaloyafunika yote. Katika AW gurudumu la katikati lina meno 20 na duara la nje lina meno 60. Jumlisha 60 na 20, ugawanye kwa 60: utapata 1 na theluthi. Hiyo ndiyo gia ya juu. Geuza, utapata robo tatu, nayo ni gia ya chini. Gia ya kati hupita moja kwa moja bila kuongezwa wala kupunguzwa, na ndiyo inayopoteza nguvu kidogo kuliko zote. Kwa hiyo tunamshauri kila anayechagua kisahani cha habu: achague kwanza gia ya kati imfae katika njia anayopita zaidi, ndipo aangalie za pembeni. Watu wengi huanza na gia ya juu kwa kupenda mbio, nao hujuta.

Kwa sahani ya 50 na kisahani cha 13, gia hizo tatu hutoa hatua za metre 3,81, 5,08 na 6,77. Kisahani kikibadilishwa kuwa cha meno 15, zinakuwa 3,30, 4,40 na 5,87. Kazi yenyewe ni ndogo: kisahani cha habu za namna hii hushikwa na pete ya chuma, nayo hutolewa kwa bisibisi. Ila mtu afumbe macho au avae miwani, maana pete huruka.

Brompton ilitengenezewa baadaye habu nyingine ya gia tatu zilizo mbali mbali zaidi: ya chini ni 0,64, ya kati ni 1, ya juu ni 1,57. Ukiweka juu yake visahani viwili, cha 13 na cha 16, unapata gia 6. Kwa sahani ya 50 hatua zinakwenda hivi: 2,64, kisha 3,25, 4,13, 5,08, 6,48 na 7,97. Angalieni jinsi zilivyopangwa: kila moja hupita iliyotangulia kwa karibu robo. Ubaya wake ni kwamba mtu huongoza vidole viwili, kimoja kwa habu na kimoja kwa visahani, na wanaoanza huvichanganya. Hii ndiyo gia aliyoambiwa kijana. Muuzaji hakumdanganya: 2,64 ni karibu kabisa na ile 2,66 tuliyoitafuta. Akitaka zaidi, kwa sahani ya 44 hatua ya chini ingekuwa 2,32.

Je, zile gia za nje, zenye visahani vingi na mkono wa chuma unaohamisha mnyororo, ambao Wafaransa huuita deraya? Kwa gurudumu la inchi 20 zinafaa sana. Mzingo ni kama metre 1,53. Mwenye sahani ya 52 na visahani vya 11 mpaka 28 ana hatua za 7,23 mpaka 2,84, na akiharibikiwa atapata fundi na vipuri karibu popote. Kampuni ya Shimano ya Japani iliwahi hata kutengeneza kwa ajili ya magurudumu madogo seti iliyoitwa Capreo, ambayo kisahani chake kidogo kilikuwa na meno 9. Lakini gurudumu linapokuwa la inchi 16, mkono ule huning'inia karibu na ardhi. Hunywa matope, hugonga ukingo wa barabara, na wakati wa kukunja huwa wa kwanza kupinda. Tena nafasi ya gurudumu la nyuma katika Brompton ya chuma ni karibu milimita 112 tu, nyembamba kuliko ya baisikeli nyingine, hata rundo kubwa la visahani haliingii. Mwaka wa 2022 kampuni ilitoa namna nyepesi yenye visahani vinne, vya 11, 13, 15 na 18. Hatua yake fupi ni metre 3,67: bora kuliko 4,46, lakini bado si ya kilima kikali.

Kwa maoni yetu, anayekwenda kazini mvua na jua, na kukunja baisikeli mara mbili kwa siku, achukue gia za habu. Mafuta hukaa ndani, matope hukaa nje, na mtu anaweza kubadilisha gia akiwa amesimama mbele ya taa nyekundu, jambo ambalo deraya haliwezi. Uzito huongezeka, ni kweli, na ngazi za stesheni hukumbusha.

Haya yote yamemfikisha wapi kijana wetu? Tumemwambia mama hivi. Gia 6 ndizo zinazofaa kwa njia ile, na siku moja atazipata. Lakini si lazima azipate mwaka huu, wala kwa karo ya watoto. Kisahani chake cha nyuma cha 16 hakina nafasi ya kukua sana. Aende mbele: aitoe sahani ya 54, aweke ya 44. Hatua zake zitakuwa metre 4,84 na 3,63. Kilimani, kwa kilometre zile zile 8, atazungusha karibu mara 37 mahali pa 30, na nguvu ya kila mkanyago itapungua karibu sehemu ya tano. Penye tambarare atapoteza mbio. Basi apoteze, jiko halitakimbia. Sahani moja ni fedha kidogo sana mbele ya baisikeli nzima.

Mambo mawili ayaangalie. Kwanza, kama sahani yake imefungwa kwa skrubu tano, itatoka. Kama imeshikamana na mkono wa kanyagio kuwa kitu kimoja, itambidi anunue na mkono. Pili, mnyororo utakuwa mrefu. Meno 10 yaliyopungua mbele yanaacha vipande 5 vya mnyororo visivyo na kazi, kwani mnyororo hushika nusu tu ya sahani. Lakini vipande vya mnyororo ni vya namna mbili zinazopokezana, chembamba na kipana, na hukatwa kwa jozi tu. Akate 4. Kile cha tano kitavutwa na kile kikono chenye magurudumu mawili ya plastiki, ambacho kazi yake ni kukaza mnyororo unapolegea wakati wa kukunja.

Tulikuwa tumekwisha kuyaandika hayo siku ya Jumatatu, na kumpelekea mama nakala. Ijumaa akatuletea simu yake tusome ujumbe wa mtoto. Sahani ya 44 ameipata kwa mwenzake wa kazi; ilikuwa na skrubu tano, kama alivyoombea. Alikata vipande 6 kwanza, mnyororo ukakaza mno na baisikeli ikakataa kukunjika, ikambidi arudishe 2. Sasa anapanda akiwa ameketi, isipokuwa kipande cha mwisho, kabla ya Porte de Namur, ambacho bado anakisukuma kwa miguu. Goti lingali linauma asubuhi, jioni limetulia. Karo ya muhula wa kwanza imefika. Ya pili, anasema, ataituma mwezi ujao.